Hizo Rangi za Marafa Si Filta

Wasee, kwanza tumalizane na hii stori ya filta. Tangu niweke ile vidio ya Marafa, komenti ni ile ile inarudi kama kengele ya shule: "punguza rangi buda", "hiyo imechorwa na kompyuta", "Kenya hakuna mahali kama hapo, wacha kutucheza". Sijaongeza kitu. Simu yangu yenyewe skrini imepasuka na kamera ya nyuma ina mkwaruzo, ningeongeza na nini? Ule wekundu uko hivyo. Ule weupe uko hivyo. Na ile rangi ya waridi iliyokaa katikati kama aiskrimu iliyoanza kuyeyuka, nayo iko hivyo hivyo, na ikifika saa kumi na mbili jioni inazidi mpaka unaanza kushuku macho yako mwenyewe.

Lakini kundi la pili la komenti ndilo limefanya nikae chini niandike. Hawa ni wale wa "Mungu ni fundi" na "mahali pametulia sana". Kwa hilo la Mungu kuwa fundi sina neno. Shida yangu ni hiyo "pametulia". Marafa haijatulia. Marafa inaanguka, na inaangukia upande wa watu.

Ngoja nieleze vile tulifika huko, kwa sababu hata hatukuwa tumepanga. Tulitoka Nairobi mwezi wa tano, watu wanne ndani ya Probox ya binamu wa rafiki yangu, mafuta tukichanga, tukielekea Malindi. Nilikuwa nimepata kazi ndogo ya kupiga vidio za ufuo. Maji ya buluu, mchanga mweupe, mtu akinywa dafu, sekunde thelathini, umemaliza. Tukafika, tukashuka, tukaangalia bahari. Bahari ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Si pale ukingoni tu, ni mpaka mahali macho yanachoka.

Kulikuwa na mzee anashona nyavu chini ya mti. Alituona tumesimama na vifaa vyetu kama watu waliofika matangani bila kuambiwa nani amekufa, akacheka. Akauliza kama twatoka bara. Tukasema ndiyo. "Basi huu ni wenu," akasema, akielekeza maji kwa kidevu. "Ni udongo wenu huu. Mvua ikinyesha kwenu, Sabaki yatuletea."

Nilidhani ananichezea, vile watu wa Pwani hupenda kutuchezea sisi tunaoongea Kiswahili cha kubomoa. Usiku nikafungua ramani. Mzee alikuwa anasema ukweli mtupu. Sabaki ni Athi. Ni mto mmoja wenye majina mengi: unaanza huku juu kwetu, unachukua maji ya Mto Nairobi pamoja na kila kitu tunachotupa ndani yake, unapita Ukambani, unaingia Tsavo na kuitwa Galana, na ukikaribia bahari kaskazini ya Malindi ndio unaitwa Sabaki. Kijito kinachopita chini ya shamba la nyanyangu Machakos kinamwaga maji yake ndani ya Athi. Kwa hivyo inawezekana kabisa, na sisemi hii kwa mzaha, kwamba nilisafiri siku nzima kwenda kupiga picha bahari ikakataa kwa sababu imejaa shamba letu.

Hiyo weka kando kidogo, nitairudia.

Kesho yake, bahari ikiwa bado chai, dere wetu akasema twende Marafa, ni kama saa moja hivi kutoka Malindi. Unavuka daraja la Sabaki, na siku hiyo maji yalikuwa mazito kama uji wa wimbi. Mbele unaiacha barabara kuu ya kuelekea Garsen na Lamu, unaingia ndani. Wageni hupaita Hell's Kitchen, na kabla hujaniuliza, hapana, si Hell's Gate ya Naivasha, hizo ni mbili tofauti kabisa na mko wengi mnaochanganya. Wenyeji wanaita Nyari. Nilielezwa maana yake ni mahali palipovunjika penyewe. Hilo jina limebeba habari kuliko yale yote ya jehanamu, lakini mabango yanapenda jehanamu.

Kitu kilinishtua ni vile hakuna onyo. Nilitarajia milima kwa mbali, kitu cha kukuandaa. Wapi. Ni muembe, mbuzi, nyumba, mtoto na baiskeli iliyomzidi, halafu ardhi inaisha. Unasimama ukingoni na chini yako kuna minara ya mchanga imesimama kama kanisa lililochomwa likabaki nguzo. Juu kabisa nyekundu ya matofali. Chini yake rangi ya chungwa, halafu waridi, halafu nyeupe ya unga wa ugali. Mistari imelala sawasawa ukuta hadi ukuta, unaona kabisa kwamba hii yote ilikuwa kitu kimoja kabla maji hayajaingia katikati.

Wenyeji ndio wanaokuzungusha. Aliyetupeleka sisi ni baba wa makamo, kofia, kandambili, anashuka ule mteremko kama anashuka ngazi za nyumbani kwake huku sisi na viatu vyetu vya bei tukishikana mikono kama watoto wa nasari. Alikuwa na kauli moja, kila baada ya hatua kumi: "Kaeni mbali na ukingo, wanangu. Usikanyage pale. Pale pamechoka."

Tukifika chini akatoa hadithi. Pengine ushaisikia. Hapo zamani paliishi familia tajiri, ng'ombe hawahesabiki, mpaka wakafika mahali pa kuoga maziwa. Mungu akakasirika na ule ufujaji, akawadidimiza wao na boma lao lote. Weupe kwenye kuta ni maziwa. Wekundu ni damu. Kuna nyingine pia, ya watu kuonywa wahame kwa sababu kuna ajabu inakuja, wote wakahama isipokuwa mwanamke mmoja mzee aliyekataa, akazama na nyumba yake.

Mmoja wetu akacheka, akaniambia chinichini hizo ni stori za jaba. Yule baba alisikia. Hakukasirika. Akasema tu, "Hapa kwetu maziwa si ya kuogea," akaendelea kutembea.

Hiyo sentensi nimekaa nayo. Huko ndani ya Magarini mvua si kitu cha kutegemea, na mtu anayekuambia kwamba nchi ilipasuka kwa sababu ya watu kufuja hajakuambia ujinga. Amekuambia kile anachokiogopa. Ila kuna sehemu moja ya hiyo hadithi inanikera kidogo, na nitaisema kama Mkamba: kwa nini wa kulaumiwa ni mwenye ng'ombe kila wakati? Miaka ya thelathini mkoloni aliangalia makorongo ya Machakos akasema ng'ombe wa Wakamba ndio wamezidi, akaanza kuwachukua kwa nguvu. Hakusema vile ardhi nzuri alikuwa ameshawagawia masetla. Mwaka wa 1938 watu wakaandamana kwa maelfu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Ndiyo, ni huyo huyo wa Muindi Mbingu Street, pale unapopita ukienda City Market. Mnapita kwa jina la mtu aliyepigania ng'ombe na hamjui. Sawa, nimetoka nje ya barabara, turudi.

Mimi niliacha chuo. Wanaonifuata tangu zamani wanajua, wapya mjue sasa. Uhandisi wa ujenzi, semesta nne, halafu pesa ikaisha na chuo hakikuwa na subira. Katika hizo semesta nne kulikuwa na yuniti moja ya jiolojia iliyokuwa inafundishwa saa moja asubuhi, na kati ya yote niliyolipia, hiyo ndiyo bado iko kichwani. Kwa hivyo mnivumilie dakika mbili.

Zile rangi ni kutu. Kwa lugha ya nyumbani kabisa, ni kutu. Mchanga ulioko pale una chuma ndani, kidogo kidogo, na chuma kikikutana na hewa na maji kinageuka vile msumari uliosahaulika nje unageuka. Chuma kikigeuka kwa njia moja unapata nyekundu, kwa njia nyingine, na maji yakiwemo, unapata manjano na chungwa. Pale chuma kilipooshwa na maji mpaka kikaisha, au hakikuwepo tangu mwanzo, panabaki nyeupe. Waridi ni nyekundu iliyopungukiwa. Basi. Hakuna aliyepaka rangi.

Na mchanga wenyewe ni mzee, manze. Ule mchanga mwekundu wa ukanda huu wanajiolojia wanauita Magarini Sands, kwa jina la hapo hapo, na wanauweka kwenye kipindi cha Pliosini, kati ya miaka milioni 5.3 na milioni 2.6 iliyopita. Yule kijana wa Turkana ambaye mifupa yake ilipatikana Nariokotome mwaka wa 1984 aliishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Yaani siku anazaliwa, mchanga wa enzi hiyo ulikuwa umeshalala zamani, umechoka kulala.

Lakini hapa ndipo watu wanakosea, na ndiyo sababu ya hii posti yote. Mchanga ni mzee. Korongo si mzee. Kulaza mchanga ni kazi ya zamani sana, kuuchonga ni kazi ya mvua ya jana. Lile si jiwe. Ukilikwaruza na ukucha linatoka unga. Maji yakipata mahali laini yanaingia, yanachimba chini, juu panabaki pananing'inia, siku moja panashuka. Pale palipo na tabaka gumu kidogo juu, panabaki mnara kwa muda, umevaa kofia yake. Kofia ikianguka, na mnara unafuata. Kwa hivyo ile minara unayopiga nayo picha si sanamu. Ni masalio. Ni sehemu ambayo bado haijaanguka.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla hatujafika. Yule baba alitupitisha mahali ukuta ulikuwa umemeguka upya. Unajua vile mkate uliokatwa sasa hivi unatofautiana na uliokatwa jana? Hivyo. Nyekundu mbichi, na chini rundo la udongo na vichaka vimelala kichwa chini. Juu ya pale kulikuwa na mti, nusu ya mizizi yake ndani ya ardhi, nusu hewani, inaning'inia kama nyuzi za nguo iliyochanika. Nikauliza kama huo mti ulikuwa ukingoni tangu zamani. Akasema hapana, yeye anakumbuka watu wakipita upande huu wa mti, akanyoosha mkono kuonyesha mahali ambapo sasa ni hewa tupu.

Halafu akasema jambo jingine bila kunitazama. Kwamba wageni humuuliza hapa patakuwaje miaka elfu ijayo, na yeye hufikiria mwaka ujao.

Sasa turudi Machakos.

Nyanyangu amechimba mitaro maisha yake yote. Kama umetoka Ukambani huhitaji kuelezwa. Kama hujatoka, kuna kitu kinaitwa fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unaoutoa unautupa upande wa juu, unakuwa tuta, unapanda nyasi kwenye tuta, na baada ya miaka kadhaa mteremko wako unakuwa ngazi. Maji yanakuja na haraka zao, yanafika kwa ngazi, yanalazimika kukaa chini. Hilo jina la fanya juu limeingia kwenye vitabu vya kilimo vya Kiingereza vile vile lilivyo, hawakupata la kwao. Na mwaka wa 1994 watafiti walitoa kitabu kizima kuhusu Machakos, kinaitwa More People, Less Erosion. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya thelathini na 1990 watu waliongezeka mara kadhaa na mmomonyoko ukapungua, kinyume cha vile wakoloni walitabiri. Kitabu hakina jina la nyanyangu, lakini mgongo wake umo ndani.

Kwake neno korongo si neno la utalii. Ni kama neno wezi. Ukiona kamfereji kadogo kameanza katikati ya shamba unakaziba siku hiyo hiyo, kwa mawe, kwa matawi, kwa chochote, kwa sababu kesho kataingia mguu na mwaka ujao kataingia ng'ombe.

Ekari moja ya chini, ile iliyopakana na kijito, iliuzwa ili mimi niende chuo. Aliyeinunua hakuinunua alime. Lori zinaingia usiku, zinatoka na mchanga, mchanga unaenda Nairobi kuwa ghorofa. Ukichota mchanga kutoka kwenye kitako cha mto, mto unatafuta mwingine, na mwingine ulio karibu ni kingo zake. Mara ya mwisho nilienda nikakuta mikonge mitatu ya mpaka inaning'inia kwa mizizi. Mpaka wenyewe umehama, umeingia kwetu. Na huko ndani, kwenye ukuta uliomeguka, kuna rangi. Nyekundu juu, chini njano, chini kabisa karibu nyeupe. Jua la jioni likipiga, ukiwa na simu hata kama imepasuka skrini, ungepata vidio kali sana.

Nani ataandika "pametulia" chini ya hiyo?

Siwaambii msiende Marafa. Nendeni, wallahi nendeni, ni mahali ambapo hujawahi kuona kitu kama hicho na hutapaona mara mbili vile vile. Nendeni jioni, kwa sababu mchana huko chini ni tanuri. Lipeni ada, na mlipe mwongozaji kitu cha maana. Kuna wenzangu wa hii kazi wanafika pale langoni wanataka kuingia bure eti watawatangaza. Yule baba hali likes. Ameshinda hapo mchana kutwa anakuzuia usianguke, na wewe unataka kumlipa na macho ya watu wa Rongai. Msipande kwenye minara kupiga picha ya kuruka. Msichore majina, nimeona hadi tarehe za harusi. Ukichora kwenye jiwe gumu ni utovu wa adabu, lakini ukichora kwenye mchanga laini unafungulia maji njia.

Na tafadhali, hii ya kuandika "hidden gem". Pamefichwa kwa nani? Kuna shule hapo karibu. Kuna watu wanazaliwa hapo, wanaolewa hapo, wanachunga mbuzi kwenye ukingo unaosogea. Nikiweka vidio sasa hivi naandika chini: hapa ni nyumbani kwa watu na ardhi inaanguka. Watazamaji wanapungua, hiyo nimeona kwa macho yangu kwenye takwimu, watu hawataki habari mbaya na muziki mtamu kwa pamoja. Lakini zile zilizobaki zinauliza maswali mazuri. Mtu mmoja wa Kitui ameniuliza kama wanaweza kupanda kitu kando ya ukingo kupunguza kasi ya maji. Sijui kama kule kwingi kuliko kwima kunawezekana, nimemwambia aende aulize wenyewe.

Ile kazi ya ufuo, kama mnataka kujua, niliipeleka hivyo hivyo na bahari ya chai. Waliilipa nusu. Sawa.

Wiki iliyopita nilikuwa Machakos, nikamwonyesha nyanya ile vidio ya Marafa. Hasomi komenti na hajui filta ni nini. Nilimshikia simu, kwa sababu ile skrini iliyopasuka inamkata kidole. Akatazama rangi zote zikipita, nyekundu, chungwa, waridi, nyeupe, muziki wangu ukilia, hakusema kitu. Ilipoisha akaniambia nirudishe nyuma, pale kwa ule mti. Nikarudisha. Akasogeza uso karibu. Akauliza hapo ni kwa nani, na kama huyo mtu ameshaanza kuchimba mitaro, kwa sababu mvua ya mwezi wa kumi haiko mbali.